Tuta Alilolibeba Mama

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu waliosema ndio hao hao walionikopesha, na mtu anayekukopesha huku anakucheka ni mtu wa kumkumbuka vizuri.

Fundi baiskeli wa kwetu Kibeta alisema mbele ya wateja wake kwamba ananikumbuka tangu shule ya msingi, mtoto pekee wa rika letu aliyekuwa akisukuma baiskeli hata kwenye mteremko. Mchuuzi wa ndizi wa Nshamba, mtu anayefunga mikungu sita juu ya keria moja na kupanda nayo kilima akipiga mluzi, aliniuliza kama huko Uingereza wanatoa pia stashahada ya kuendesha baiskeli, maana bila hiyo yeye haoni. Mke wa mwinjilisti naye alikuwepo, pale pale Nshamba. Aliitazama miguu yangu, akaingia jikoni, nikamsikia akicheka huko. Na mama yangu mwenyewe, ambaye safari ilikuwa yake, alisema, "Baba, utaniangusha majini, na mimi kuogelea sijui."

Walikuwa na sababu. Nilipoondoka Bukoba nikiwa kijana, baiskeli sikuijua. Lakini mtu haendi mbali akarudi yule yule. Nilikwenda bila mjomba wa kunivuta na bila mchungaji wa kuniandikia barua. Niliosha vyombo hotelini, nikasukuma vitanda vya wagonjwa, nikasoma jioni baada ya kazi, nikapata stashahada ya utalii ambayo leo imetundikwa sebuleni kwa mama, juu kidogo ya picha ya harusi yake. Hakuna aliyenishika mkono. Na katika miaka hiyo, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nilijifunza baiskeli kando ya mfereji.

Mji ule ulikuwa na mifereji ya zamani sana, iliyochimbwa ili mashua zipitishe makaa ya mawe. Mashua zenyewe hazikuwa na injini. Farasi alitembea kwenye njia iliyo kando ya maji, akizivuta kwa kamba ndefu. Farasi wameisha, makaa yameisha, njia imebaki, na siku za mapumziko watu hupita hapo kwa baiskeli taratibu, kama mtu anayesoma barua ndefu kutoka nyumbani. Kwenye kona za madaraja ya mawe kuna mifuo ambayo kamba zile zilikata, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nikisimama hapo na kuingiza kidole katika mfuo, kikazama chote. Kamba laini, jiwe gumu, na jiwe ndilo lililokubali. Nilianguka majini mara mbili katika mfereji ule. Mara ya tatu sikuanguka, na tangu siku hiyo sijaanguka tena. Nasema bila aibu, katika Kibeta yote hakuna mtu wa umri wangu anayekaa juu ya baiskeli kama mimi.

Niliporudi nyumbani, mama alinisikiliza nikisimulia habari za mifereji hiyo jioni mbili mfululizo. Jioni ya tatu aliweka sahani ya ndizi na maharage mbele yangu, akasema kwamba na yeye ana mfereji wake.

Mfereji wa mama uko Ngenge, bondeni, upande wa Muleba. Alipoolewa na baba walishuka huko kwa sababu mfereji ulikuwa unachimbwa wa kupeleka maji mashambani, na palikuwa na ardhi kwa waliokubali kuchimba. Baba alishika jembe. Mama na wanawake wenzake walibeba udongo kichwani kwa vikapu, wakaumwaga kando, na udongo ule ndio uliokuwa tuta. Jirani yao alikuwa mwanamke wa rika la mama. Wakawa marafiki wa kutafuna kahawa pamoja, na kwetu Wahaya hilo si jambo la kupita. Buni zilizochemshwa na mitishamba na kukaushwa, mwenzako anakuwekea kiganjani, mnatafuna mkitazamana, na tangu hapo kuna neno kati yenu lisilovunjwa. Walikaa miaka miwili. Kisha bibi yangu akaugua huku Kibeta, baba na mama wakalazimika kupanda kurudi, na asubuhi ya kuondoka rafiki yule alimpa mama kahawa ya njiani ndani ya kikapu chake mwenyewe, kikapu kidogo chenye kifuniko, cha kutosha viganja vinne tu. Alimwambia atakirudisha akija.

Mama hakukirudisha. Si kwamba alisahau. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na kukirudisha na kitu hafifu ni vibaya kuliko kukaa nacho. Mwaka wa kwanza mibuni ya mama ilikuwa bado midogo. Mwaka uliofuata ilizaa, akaona buni zake nyembamba. Kisha nikazaliwa mimi. Kisha migomba ikashikwa na ugonjwa, kibanja chote kikanyauka. Kisha baba akafa, na nani anapeleka zawadi akiwa na msiba? Kila mwaka uliopita ulidai kikapu kijazwe kitu kizuri zaidi ya kile cha mwaka uliotangulia, na kikapu kilikuwa kile kile, cha viganja vinne. Kilikaa juu ya kabati zaidi ya miaka arobaini. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni pambo.

Mwaka huu mtu mmoja wa Ngenge alikuja Bukoba kuuza mchele, akamletea mama salamu. Rafiki yake yu hai, anaishi pale pale kando ya mfereji, ila macho yanamfifia. Anaona nusu, na nusu hiyo inapungua. Mama alipanda kiti, akashusha kikapu, akakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake. Alisema anataka rafiki yake akione kikapu akiwa bado anaona. Kwangu hilo lilitosha.

Shida ilikuwa njia. Gari linafika hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mfereji. Kutoka hapo hadi kwa rafiki yake ni kilomita tisa juu ya tuta, na kamati ya maji imechomeka vigingi ili pikipiki zisipite, kwa sababu pikipiki zinabomoa kingo. Wanaopita ni wa miguu na wa baiskeli. Magoti ya mama hayawezi hata kilomita moja. Nilimwambia nitambeba kwenye keria kwa baiskeli. Hapo ndipo Kibeta na Nshamba wakaanza kusema waliyosema.

Baiskeli yangu niliyoiacha Uingereza ilikuwa na gia ishirini na moja, lakini haikuwa na keria ya kumbebea mama. Nilihitaji baiskeli nyeusi ya kazi. Fundi wa Kibeta alinipa pampu, spana na viraka sita, akanihesabia kila kimoja kana kwamba navipeleka vitani. Tulikwenda Nshamba siku moja kabla, tukalala kwa mwinjilisti. Mkewe alitoa mto wa kochi lake, ule wenye kitambaa cha kufuma, akaniambia mto huo haujawahi kutoka nje ya nyumba. Mchuuzi wa ndizi alitoa baiskeli yenyewe, riziki yake ya kila siku, akaufunga mto kwenye keria kwa vipande vya mpira alivyokata kutoka tyubu kuukuu.

"Mikungu yangu haijawahi kulalamika njiani," aliniambia. "Mama yako atalalamika. Hiyo ndiyo tofauti, waitu, ndugu yangu, mengine ni yale yale."

Alfajiri gari dogo linalofuata mchele lilitushusha bondeni, sisi na baiskeli.

Hewa ya Ngenge si ya huku juu. Huku kwetu asubuhi ina baridi ya migomba iliyolowa. Kule chini inakuja na joto la udongo na harufu ya majani ya mpunga. Kwenye banio maji yalikuwa yanaingia mfereji bila kelele, mapana kama barabara, rangi ya chai ya maziwa. Mama alisimama akayatazama, kikapu kifuani, kimefungwa katika kitambaa cheupe. Hakukijaza biskuti nilizoleta kutoka Uingereza, ingawa kopo lake ni zuri na nilimshauri hivyo mara tatu. Alikijaza buni za mibuni yake, alizozichagua moja moja kwa siku nne.

Mlinzi wa banio alituonyesha kidaraja cha miguu, akasema tuvuke, tupite tuta la kushoto. Nilimshukuru, nikamwonyesha simu yangu. Nilikuwa nimeisoma picha ya bonde lote kutoka angani. Tuta la kulia lilikuwa limenyooka na pana, la kushoto lilikuwa na majani, na mbele, karibu kabisa na nyumba tuliyoitafuta, palikuwa na mstari mwembamba unaokatiza maji, yaani daraja. Nilimweleza kwamba mimi nimesomea mambo ya njia za watalii. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, mwalimu," akaendelea kupiga mswaki.

Mama alikaa kwenye mto, miguu upande mmoja, mkono mmoja kwenye mkanda wangu. Nilikanyaga pedali, baiskeli ikayumba mara moja, ikanyooka. Nilimsikia akivuta pumzi na kuishikilia. Aliiachia baada ya kama mita mia.

Sijui namna ya kusema juu ya kilomita zile bila kuonekana nimeota. Tuta lilikuwa jekundu na gumu, maji upande wetu wa kushoto, majaruba ya mpunga upande wa kulia, na yote mawili yalikuwa na mbingu ndani yake, kwa hiyo tulipita juu ya mstari mwembamba wa udongo katikati ya mbingu mbili. Yangeyange weupe walisimama kwenye mpunga, na kila tulipokaribia waliruka, wakatua mbele kidogo, tukawakaribia tena, wakaruka tena, kama watu wanaotuongoza. Mnyororo ulitoa sauti ndogo ya kurudiarudia. Nilipotazama majini nilituona tumepinduka, mimi mbele, mama nyuma, kikapu mapajani mwake kama mwezi mdogo. Wakati mwingine nilikuwa na hakika kwamba nikigeuka kona nitaona daraja la mawe, na farasi.

Mama alianza kuongea baada ya kilomita ya pili. Hakuwa akiongea na mimi hasa. Alikuwa akilisomea tuta. Hapa ndipo udongo ulikuwa mzito kama mawe. Hapa msimamizi aliwahi kutuamuru turudie, kwa sababu maji yalivuja. Hapa baba yako alinipokonya kikapu kichwani akakibeba yeye, wanaume wenzake wakamcheka mpaka jioni, naye akasema wacheke, mke ni wake. Nilijaribu kumweleza kwamba njia kama hii kule nje watu wanalipa kuipita, na kwamba nina mpango kamili, umeandikwa. Aliniacha nimalize.

"Wewe una karatasi ukutani," alisema. "Mimi nina hili tuta. Lilipita kichwani kwangu lote kabla halijapita chini ya magurudumu yako."

Nilikanyaga pedali tu kama kilomita nzima. Mimi ni mtu wa kujisifu, sikatai, lakini najua ninaposhindwa.

Jua lilikuwa limepanda tulipoiona nyumba, ya matofali ya kuchoma, mlango wa bluu, mpapai mmoja uwanjani. Ilikuwa kushoto, ng'ambo ya maji. Nilitafuta daraja langu. Palikuwa na gogo moja upande wetu, limezama nusu, na kisiki cha gogo upande wa pili. Mstari niliouona angani ulikuwa mti wa kuvukia, na mvua zilikuwa zimeukata. Kurudi kwenye banio na kuja tena kwa tuta la kushoto ni kilomita kumi na nane, bado tisa za kurudi, na gari la mchele lilikuwa linaondoka saa kumi. Nilipiga hesabu mara mbili. Saa hazikutosha, wala miguu yangu isingetosha.

Mwanamke mzee alitoka, akasimama ukingoni, mkono juu ya macho. Alitutazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mama, amevaa sweta juu ya gauni ingawa palikuwa na joto.

Mama aliteremka. Hakusema jina lake. Alikifungua kitambaa, akainua kikapu juu kwa mikono miwili.

Yule mzee alisogea hadi maji yakamgusa vidole. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayechungulia punje, akitafuta ile sehemu ya jicho inayoona bado.

"Kifuniko chake nilikishona kwa uzi mwekundu," alisema kwa Kihaya.

"Bado ni mwekundu," mama alijibu. "Nyuma tu ndiko ulikofifia."

"Umekawia, bojo, mwenzangu."

"Buni zilikuwa nyembamba."

"Miaka yote hiyo?"

"Mwaka huu zimenenepa."

Wakaanza kucheka, wazee wawili, maji katikati. Walisalimiana kwa kirefu, salamu zetu zile zisizoisha, wakaulizana waliokufa na waliozaliwa. Mwenzake akamwambia mama amezeeka, mama akamuuliza kama yeye amegeuka msichana. Mimi nilisimama nimeshika baiskeli. Kisha yule mzee akauliza mbona tumepita tuta la ng'ombe, na mama akasema, bila kunigeukia, kwamba kijana wake amesoma sana.

Nilivua viatu. Nilisema nitavuka na kikapu nikikiinua juu ya kichwa, maji yananifika kifuani tu. Wote wawili walikataa kwa pamoja. Chini ya mfereji kuna tope la kumeza mguu, na hata lisingekuwepo, mama alisema, "Kahawa haitumwi." Inatoka kiganja hadi kiganja. Kama ingekuwa ya kutuma, angeituma kwa muuza mchele na kubaki nyumbani na magoti yake.

Basi nikakaa chini. Nilikuwa nimemleta mama hadi hatua ishirini kutoka kwa rafiki yake, na kwa kiburi changu nilikuwa nimeweka maji katika hatua hizo. Macho ya yule mzee hayakuwa ya kusubiri msimu mwingine. Alikuwa bado amesimama pale, kichwa upande, akikitazama kikapu kama mtu anayetaka kukikariri.

Halafu niliona sanduku. Lilikuwa limefungwa kwenye kigingi upande wake, sanduku refu la mbao lililopakwa lami, linaloelea. Alinieleza kwamba ni la kuvushia miche ya mpunga wakati wa kupandikiza. Lina kamba kila upande. Mmoja anavuta huku, mwingine analegeza kule. Watu huvuka nalo pia, akiwepo mwanamume wa kuvuta. Jirani yake alikuwa shambani.

"Mwanamume wa kuvuta yupo," nilisema.

"Huyo ndiye aliyekuwa akisukuma baiskeli kwenye mteremko?" akauliza mama yangu, na sikujua yuko upande wa nani.

Rafiki yake alifunga ncha ya kamba moja kwenye dumu tupu, akalitupa majini, mkondo ukaniletea. Kamba ya upande wake aliiacha kwenye kigingi, ndefu. Kisha, akiwa na umri ule na macho yale, aliingia katika sanduku, akakaa, akakunja sweta. Nikavuta. Sanduku lilikuja vizuri hadi katikati, mkondo ukalishika, ukalisukuma kule maji yanakokwenda, likaingia kwenye matete ya upande wetu na kugoma. Mahali pa kushukia, penye ukingo mtambarare ng'ombe wanaponywea, palikuwa hatua sitini nyuma, kule maji yanakotoka. Nilivuta kwa mikono, kamba ikanichuna viganja, sanduku halikusogea ila kutikisika. Mama alikuwa amekaza kikapu kifuani.

Nilizungusha kamba kwenye chuma cha keria, nikafunga fundo nililofundishwa na watu wa mashua kule, nikaishika baiskeli kwa usukani, nikaegemea mbele. Nilitembea juu ya tuta, kamba begani pangu na kwenye keria, polepole, bila kukurupuka, kwa sababu farasi hakurupuki. Kwanza hapakuwa na kitu, uzito tu. Kisha matete yalilia, yakaachia, na nyuma yangu nikasikia maji yakipasuka kwenye mbao kwa sauti laini ambayo nilikuwa nimeisoma tu vitabuni. Nilifikiri juu ya wale farasi wote. Nilifikiri juu ya mfuo katika jiwe. Tuta lilikuwa gumu chini ya nyayo zangu, halikubonyea hata kidogo, na nilijua ni nani aliyelifanya gumu hivyo. Hatua sitini zilichukua muda wa wimbo mrefu wa kanisani. Upande wangu wa kulia, katika maji, mwanamke mzee alikuwa akielea kwenda sambamba nami, ameketi wima, uso umeinuliwa juani kama malkia anayepitishwa mbele ya watu wake.

Alipofika mahali pa ng'ombe mama alimshika mikono yote miwili. Wakakaa kwenye mto wa mke wa mwinjilisti, niliokuwa nimeufungua na kuuweka chini, nusu kwa nusu. Mama alifungua kifuniko. Akachukua buni, akazihesabia kiganjani mwa mwenzake kwa kuzigusa moja moja, na mwenzake akamhesabia yeye. Wakatafuna wakitazamana, mmoja kwa macho mawili, mwingine kwa robo ya jicho. Kisha wakanipa na mimi. Zilikuwa chungu kidogo, zenye harufu ya majani na moshi, nene kweli.

Baada ya muda rafiki yake alikishika kikapu, akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu.

"Mimi nilishasuka kingine," alisema. "Mwaka ule ule."

Mama aliacha kutafuna. Nilidhani atakasirika. Alifunika mdomo kwa mkono na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Walikaa saa tatu. Mimi nililala kwenye nyasi, kofia usoni, nikiwasikia kwa mbali kama redio ya jirani, majina ya watu waliokufa, bei ya mchele, senene wa mwaka ule walioangukia moto wa wachimbaji. Sijawahi kulala vizuri hivyo mchana. Jirani yule aliporudi kutoka shambani alimvuta mzee kurudi upande wake kwa kamba iliyokuwa kwenye kigingi. Kabla ya kupanda sandukuni mzee alikuwa amekichukua kikapu, na alipokwisha kuingia nyumbani na kutoka aliniashiria nivute, sanduku likarudi kwetu bila mtu. Ndani yake kulikuwa na kikapu kile kile, kimejaa mchele mpya mpaka kifuniko kimeinuka, na kando yake mfuko wa mchele. Alipaza sauti kwamba mchele unaweza kutumwa. Mfuko ulikuwa wa wale walionikopesha, kwa sababu mama alikuwa amemweleza yote, pamoja na kicheko cha jikoni. Kikapu kilikuwa cha mama.

Nilimrudisha mama hadi kwenye banio kwa kilomita tisa zile zile, jua mgongoni, vivuli vyetu vikitutangulia juu ya tuta. Hakushika mkanda wangu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kikapu, na hakuanguka, kwa sababu mimi siangushi mtu. Mlinzi alitupokea akauliza kama daraja lilikuwa zuri. Nilimwambia lilikuwa zuri sana. Gari la mchele lilikuwa bado linapakia.

Kesho yake nilirudisha vya watu. Mke wa mwinjilisti nilimpa mto wake na kitambaa chake cha kufuma bila doa, na mchele juu yake katika sufuria. Aliugeuza mto, akaunusa, akasema unanuka kahawa, akauweka kwenye kochi mahali pa wageni. Mchuuzi wa ndizi nilimrudishia baiskeli ikiwa imeoshwa, mchele umefungwa kwenye keria, na kabla hajaona nilimwonyesha mwenyewe mahali kamba ilipokata rangi hadi chuma, mfuo mwembamba kama ukucha. Nilisema nitapaka rangi. Alipitisha kidole gumba humo mara mbili, akaniuliza tena ile habari ya farasi, nikamweleza tena. "Acha kama ilivyo," alisema. Kisha akauliza kama mama alilalamika. Nilisema hapana. Akatikisa kichwa, akasema basi ni mkungu wa saba.

Alasiri tulikuwa Kibeta. Fundi alihesabu vitu vyake mbele ya wateja, pampu, spana, viraka sita, vyote sita, hakuna hata kimoja kilichotumika. Akaupima mchele mkononi.

"Kwa hiyo hukuanguka," alisema.

"Sikuanguka."

Akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri gurudumu, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu baiskeli nilimfundisha mimi."

Sikubishana naye. Siku hiyo sikuwa nadaiwa na mtu yeyote, wala Nshamba wala Kibeta, na mtu asiyedaiwa anaweza kuwaachia wengine maneno. Nilipanda kwenda nyumbani. Mama alikuwa ameumimina mchele wa rafiki yake kwenye ungo, anachagua, na kikapu kilikuwa mezani, kitupu, kifuniko wazi. Hakukirudisha juu ya kabati. Alikisogeza pembeni niweke chai yangu, akaniuliza, huku macho yake yako kwenye mchele, ile baiskeli ya Nshamba huwa haina kazi siku gani.